Mama Unapoanza Uuguzi: Kubeba Imani, Zamu na Watoto kwa Pamoja

Mama anayeingia kwenye uuguzi akiwa na watoto nyumbani huambiwa mengi mazuri kanisani: Mungu atakutia nguvu, usiogope, huu ni wito. Ni kweli tupu, ila ikifika wiki ya tatu ya zamu za usiku hayamtoshi. Kinachomvunja moyo mwaka wa kwanza ni nadra kuwa imani iliyopungua. Mara nyingi ni usingizi alioukosa, hofu ya kumdhuru mgonjwa, na hatia ya kumwacha mtoto akilia mlangoni. Kila kimoja kina chanzo chake na kina la kufanya. Sala inayotaja chanzo husaidia kuliko sala ya jumla ya kuomba nguvu.

Maandiko ya kuanzia

Wengi hukimbilia Mithali 31, wakaishia kuchoka zaidi. Mke mwema anayesifiwa humo anaamka kabla ya mapambazuko, anafanya biashara, taa yake haizimiki usiku. Ukisoma haraka unaona mzigo mwingine tu. Rudi mstari wa 15: ana wajakazi, na anawagawia kazi. Hakuwa peke yake.

Kwa mama muuguzi, Kutoka sura ya 1 na ya 2 ni mahali pazuri zaidi pa kuanzia. Shifra na Pua walikuwa wakunga kazini, chini ya mkubwa mwenye amri mbaya, na walimcha Mungu wakiwa zamuni. Mstari wa 21 unasema Mungu akawapa nyumba zao, yaani jamaa. Kazi yao haikuwanyima familia. Sura inayofuata, kuokolewa kwa Musa kunapita mikononi mwa wanawake wanne: mama aliyemficha, dada aliyesimama kwa mbali akiangalia, mjakazi aliyekwenda kukichukua kisafina, na binti Farao aliyemlipa yule mama ujira ili amnyonyeshe mwanawe mwenyewe. Mkono mmoja haulei mwana, hata mwana huyo akiwa Musa.

Miezi miwili kabla ya kuanza

Andika majina ya watu watatu kwa kila mtoto: anayemlea siku za kawaida, wa akiba pale wa kwanza anapougua, na wa kuitwa usiku wa manane. Kama jina la tatu limekosekana, hujawa tayari kwa zamu za usiku. Tafuta jina kwanza. Mama asiye na mwenzi aanze kutafuta mapema zaidi, kwa sababu kwake hata jina la kwanza ni la mtu wa nje.

Unapoomba msaada kanisani, omba kitu chenye saa na siku. "Mniombee" hupata amina nyingi na mikono michache. "Jumatano, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, nahitaji mtu wa kukaa na mtoto wa miaka minne kwa wiki sita" hupata mtu. Katika Kutoka 18, Yethro alimwona Musa akihukumu watu tangu asubuhi hadi jioni. Hakumshauri aombe zaidi, alimwambia agawe kazi kwa ngazi, la sivyo angechakaa.

Tengeneza ratiba kubwa ya ukutani ambayo mtoto anaweza kuisoma: rangi moja kwa zamu ya mchana, nyingine kwa usiku, ya tatu kwa siku ya mapumziko. Mtoto mdogo hasumbuliwi sana na kuondoka kwako kama anavyosumbuliwa na kutojua utarudi lini. Mwonyeshe rangi ya leo kila asubuhi, na usitoroke akiwa amelala bila kumuaga usiku uliotangulia. Anayetorokwa huanza kuogopa kulala.

Shughulikia chanjo mapema. Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa kawaida hutolewa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6 tangu ya kwanza. Maana yake ukisubiri hadi wiki ya kuingia wodini, utafanya kazi miezi kadhaa bila kinga kamili. Baada ya dozi ya mwisho, mwezi 1 hadi 2, pimwa uone kama mwili umetengeneza kinga, maana wapo wachache ambao miili yao haiitikii. Kama una mimba au unanyonyesha, mweleze anayekuchanja. Mjulishe pia msimamizi wa wodi kuhusu mimba mapema, usingoje ionekane: zipo kazi unazopaswa kuondolewa, hasa chumba cha eksirei na kuchanganya dawa za saratani.

Kama bado unanyonyesha

Hapa ndipo akina mama wengi huachia njiani, na sababu huwa ni maandalizi ya siku chache mno. Anza kukamua na kuhifadhi wiki 2 hadi 3 kabla ya zamu ya kwanza, mara moja kwa siku, asubuhi matiti yanapokuwa yamejaa. Mtoto wa kati ya mwezi 1 na 6 anayenyonya tu hunywa wastani wa takriban mililita 750 kwa siku nzima. Ukiwa nje saa 12 weka akiba ya mililita 400 hivi, na kidogo cha ziada. Igawe katika vifungu vya mililita 60 hadi 120. Ukiweka kingi chombo kimoja, kinachobaki baada ya kunyweshwa kitamwagwa.

Maziwa mapya hukaa saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25 za Selsiasi, siku 4 ndani ya friji, na takriban miezi 6 kwenye friza. Yakishayeyuka, yakae kwenye friji na yatumike ndani ya saa 24, wala yasigandishwe tena. Aliyobakiza mtoto kwenye kikombe au chupa yamwagwe baada ya saa 2. Yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu. Maikrowevu huacha sehemu za moto zinazoweza kumuunguza mtoto mdomo huku chombo kwa nje kikiwa baridi. Andika tarehe na saa kwenye kila chombo, na ukiweka kwenye friji ya kazini andika jina pia.

Zamuni, kamua kila baada ya saa 3 hivi, dakika 15 hadi 20. Omba nafasi hiyo kwa msimamizi kabla ya siku ya kwanza, na utaje mahali na nani atashika wagonjwa wako kwa dakika hizo. Anayeomba katikati ya zamu yenye kelele huambiwa "baadaye", na baadaye haiji. Ukiruka mara mbili, titi hujaa, hutengeneza uvimbe mgumu, kisha linaweza kuwaka. Ukiona eneo jekundu lenye maumivu na homa, endelea kunyonyesha au kukamua kama kawaida, kanda kwa kitambaa baridi, na uende ukaonwe siku hiyohiyo. Kukamua kupita kiasi "ili titi liishe" huongeza uvimbe.

Kama mtoto hajawahi kutumia kikombe au chupa, ajaribiwe wiki 2 kabla, na ajaribiwe na mtu mwingine wewe ukiwa nje ya nyumba. Akisikia harufu yako, kwa nini akubali kingine?

Dakika hizo za kukamua ni za faragha, mikono imeshughulika, simu iko mbali. Mama wengi wamegundua kuwa hicho ndicho kipindi pekee cha sala ambacho hakuna anayewaita. Chukua zaburi fupi moja na ukae nayo zamu nzima.

Zamu ya usiku

Katika 1 Wafalme 19, Eliya alilala chini ya mti na kuomba afe. Malaika hakumpa hotuba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, ndipo ikaja safari na baadaye sauti ya Mungu. Mpangilio huo ufuate: usingizi na chakula vitangulie, mahubiri yafuate.

Siku ya kuingia usiku wa kwanza, lala mchana kati ya dakika 90 na saa 3. Mtoto awe na mlezi wake, kwa sababu kulala huku sikio moja liko kwa mtoto si kulala. Kula mlo kamili kabla ya kutoka, kisha usiku kula kidogo kidogo. Mlo mzito saa 8 usiku huleta usingizi na kiungulia. Kahawa au chai inywe nusu ya kwanza ya zamu, na uache angalau saa 6 kabla ya muda wa kulala. Kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri mwili hufika chini kabisa kwa umakini. Kazi yoyote yenye hesabu au dawa kali katika saa hizo, iangalie mara mbili, na mwombe mwenzako aangalie pia. Ukiruhusiwa mapumziko, usingizi wa dakika 20 hadi 30 unatosha. Ukizidisha unaamka umezubaa, basi jipe dakika 10 za kuchangamka kabla ya kugusa dawa.

Asubuhi usiendeshe gari ukiwa na usingizi. Muziki mkubwa na dirisha wazi havimwamshi mtu, vinamdanganya tu. Panda usafiri wa wote, au sinzia kidogo kwanza.

Nyumbani, chumba kiwe giza, simu izimwe mlio isipokuwa namba ya mlezi. Kosa la kawaida kabisa ni kufika saa 2 asubuhi na kuanza kufua "kidogo tu". Kulala kunasogea hadi saa 6 mchana, watoto wanarudi saa 8, na usiku unaingia zamuni na usingizi wa saa 2. Ukirudia hivyo usiku tatu, utaanza kulia bila sababu na kudhani Mungu amekuacha. Zaburi 127:2 inataja usingizi kuwa kitu ambacho Mungu humpa mpenzi wake. Kukataa zawadi hiyo kwa ajili ya ndoo ya nguo si bidii.

Zaburi 134 ina mistari mitatu tu, na inawahusu watumishi wanaosimama usiku katika nyumba ya Bwana. Inakaririka kwa dakika tano na inatosha kusemwa kimoyomoyo ukitembea kutoka kitanda hadi kitanda.

Hofu ya kukosea

Katika Nehemia 4:9 wajenzi wa ukuta wa Yerusalemu walimwomba Mungu, kisha wakaweka walinzi mchana na usiku. Vyote viwili. Florence Nightingale, Mwingereza anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, aliandika kwamba Mungu alimwita mwaka 1837. Miaka 14 baadaye, 1851, alikwenda Kaiserswerth, Ujerumani, kujifunza kwa mashemasi wanawake waliokuwa wakitunza wagonjwa tangu 1836, na mwaka 1860 shule yake ikafunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London. Kati ya wito na shule yake alijaza hesabu, takwimu na usafi. Wito haukumwondolea hesabu.

Basi zoea hesabu mbili hadi uweze kuzifanya ukiwa umechoka. Ya kwanza ni ya dawa ya maji: kiasi kilichoandikwa, gawa kwa kiasi kilichopo, zidisha kwa ujazo wake. Daktari ameandika miligramu 200, na chupa ina miligramu 125 katika kila mililita 5. 200 ÷ 125 = 1.6, mara 5 = mililita 8. Ya pili ni ya dripu: ujazo mara matone ya kila mililita, gawa kwa dakika. Lita 1 kwa saa 8, mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita: 1000 × 20 ÷ 480 = 41.7, yaani matone 42 kwa dakika. Soma idadi ya matone kwenye pakiti ya mpira kila mara, kwa sababu ipo mipira ya matone 10, 15, 20 na 60. Aliyekariri 20 akakutana na 60 atampa mgonjwa theluthi ya maji yake.

Jibu likikuambia utumie vidonge vingi au chupa nyingi kwa dozi moja, simama. Karibu kila mara ni nukta ya desimali imehama. Uliza. Hakuna dhambi katika kuuliza, na muuguzi anayeona aibu kuuliza ni hatari kuliko asiyejua.

Kosa likitokea, kwanza mwangalie mgonjwa: pumzi, mapigo, shinikizo la damu, fahamu. Pili mwite daktari na msimamizi. Tatu andika kilichotokea, saa na kiasi, bila kujitetea. Kuungama mbele za Mungu hakuchukui nafasi ya kuripoti, kwa sababu Mungu hahitaji kubadilisha dawa ya mgonjwa na daktari anahitaji.

Sindano ikikuchoma

Osha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue damu, usipake jiki. Kama damu imekurukia jichoni, jicho lioshwe kwa maji mengi safi. Toa taarifa dakika hiyohiyo, siyo mwisho wa zamu. Dawa kinga za VVU zinafanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa chache, na zisipoanza ndani ya saa 72 hazipendekezwi tena. Humezwa siku 28. Mwambie anayekuhudumia kama unanyonyesha au una mimba, na umwulize kuhusu unyonyeshaji kabla ya kuondoka.

Wengi huchomwa wakati wa kurudisha kifuniko cha sindano. Usikirudishe. Sindano itoke kwa mgonjwa iende moja kwa moja kwenye kisanduku cha vyenye ncha kali, na kisanduku kikifika robo tatu kifungwe.

Kinga ya watoto wako nyumbani inaanza mlangoni. Badili sare kazini ukiweza, ibebe kwenye mfuko wake, viatu vya wodi vibaki nje. Osha mikono hadi kwenye viwiko kabla ya kumkumbatia mtoto. Mfundishe salamu nyingine ya mlangoni, kama kupunga mikono miwili, mpaka umalize kuosha. Fua sare peke yake, kwa nyuzi 60 kitambaa kikiruhusu.

Kumwombea mgonjwa, na kunyamaza

Uliza kwanza, ukiwa umemaliza kazi iliyokuleta kitandani: "Ungependa nikuombee, au nikuitie kiongozi wa dini yako?" Swali hilo linamwachia mlango wa kukataa bila aibu. Akikubali, iwe chini ya dakika moja, kwa sauti ya chini, bila kuahidi kupona na bila kumshawishi abadili dini. Mgonjwa aliyelala hawezi kuondoka ukimchosha. Soma pia kanuni za hospitali yako, maana nyingine zinataka mgonjwa aombe mwenyewe. Akikataa, mpe dawa yake kwa wema uleule. Kumgeuza vizuri asipate vidonda vya mgongo ni huduma kamili bila amina.

Jambo linalowaponza wauguzi Wakristo wengi ni kundi la maombi la simu. "Tumwombee dada wa kitanda cha nne, ana miaka 30, amejifungua kwa upasuaji" imeshavunja siri ya mgonjwa hata bila jina, kwa sababu mtu wa mtaani kwake atamtambua. Kwa kundi sema tu: niombeeni, zamu ilikuwa nzito. Majina mwambie Mungu.

Vivyo hivyo baada ya ibada, waumini watakuletea vidonda, shinikizo na dawa walizonunua. Sikiliza, elekeza kituoni, na usichome sindano nyumbani kwa mtu. Ukiwa mwanafunzi huna ruhusa, na madhara yakitokea kanisa halitakuwa na la kukusaidia.

Jumapili zamuni

Yesu aliponya siku ya Sabato, akauliza ni nani asiyemtoa kondoo wake shimoni siku hiyo (Mathayo 12:11-12). Hilo halikupi ruhusa ya kupotea kanisani miezi mitatu. Ratiba ikitoka, weka alama siku yako ya ibada kwa wiki hiyo hata ikiwa Alhamisi, na chagua ushirika mdogo unaokutana siku zaidi ya moja. Ukibadilishana zamu, rudisha deni kwa siku ileile mliyokubaliana. Anayechukua Jumapili zote kwa jina la Bwana huwachosha wenzake na jina hilo.

Unapotaka kuacha

Usiamue baada ya zamu ya usiku, wala siku ya kufeli mtihani, wala siku mgonjwa amekufa mikononi mwako. Lala usiku mbili kamili, kisha andika kinachokusumbua kwa sentensi moja. Kama sentensi inataja mtu (msimamizi mkali, mlezi asiyeaminika), hilo ni jambo la kuzungumza au kubadilisha. Kama inataja saa, omba zamu nyingine au wodi nyingine. Kama inataja somo, tafuta wa kukufundisha na ujifunze kwa vipande vya dakika 25 watoto wakiwa wamelala. Kama inataja kazi yenyewe, kwamba hupendi kuwagusa wagonjwa na hujawahi kupenda, sema hivyo kwa Mungu na kwa mshauri wako waziwazi. Kuna huduma nyingine.

Kifo cha mgonjwa kina utaratibu wake. Maliza kuutunza mwili wake kwa heshima, andika saa, kisha omba dakika 5 nje ya wodi. Lia. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro akijua atamfufua. Mtafute mwenzako mmoja wa kusimulia, kazini, ili usibebe hadithi hiyo hadi mezani kwa watoto.

Huzuni ikidumu zaidi ya wiki 2, usingizi ukikataa hata ukipata nafasi, ukianza kuona mtoto hakuhusu au mawazo ya kujidhuru yakija, nenda ukaonwe na daktari. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, nenda leo, na mtu akusindikize. Kwa mama aliyejifungua ndani ya mwaka mmoja huenda ni sonona ya baada ya kujifungua, ugonjwa unaotibika, na dawa zipo zinazoweza kutumika ukinyonyesha. Mchungaji wako akukemee kwa kukosa imani au asikukemee, weka miadi. Mpe mlezi wa mtoto saa ya kurudi kwako, na uende.